Kipimo cha sumukuvu kiko mkononi mwa mnunuzi, sisi wa mashineni tunasaga tu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, yapo mengi yaliyoniudhi nikanyamaza nikaendelea na kazi zangu, lakini ile taarifa yenu ya watafiti na kifaa cha kupima sumukuvu kwa simujanja, yaani ile sumu inayotolewa na kuvu kwenye mahindi ambayo wataalamu wanaiita aflatoxin, imenishinda kuimeza. Mnaikumbuka, ile yenye picha kubwa ya kijana wa koti jeupe. Mmeandika utadhani tatizo limeshapata mwarobaini na kilichobaki ni sisi wakulima na wenye mashine kupewa elimu. Elimu gani tena jamani? Mimi nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Kongwa, vumbi la mahindi ndo maisha yangu, na nataka niwaeleze hicho kifaa kikitoka kwenye picha kinaenda wapi.

Kwanza msinielewe vibaya, sipingi utafiti na vipimo vyenyewe nimeviona vikifanya kazi. Mahindi yanasagwa, unga unatikiswa na spiriti, ukituama unachukua tone la juu unadondosha kwenye kikaratasi, na ndani ya kile kikaratasi kuna kingamwili zimebandikwa kwenye chembechembe ndogo sana za dhahabu, kazi yake kuidaka sumu. Ni kama kipimo cha mimba isipokuwa hapa mambo ni kinyume, mstari ukikolea ndo mahindi salama, ukififia au ukikosekana ndo sumu ipo. Ndani ya dakika chache umeshajua. Wengine wanatumia elektrodi, sumu ikishikwa pale juu umeme unabadilika na namba inatokea. Hiyo ni akili kubwa na Mungu awabariki waliokesha nayo, maana kikomo chetu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, na ile kali zaidi inayoitwa B1 isizidi 5. Kiasi hicho huwezi kukiona wala kukinusa, na ukipika ugali mpaka mwiko ukavunjika sumu haifi. Hindi linaweza kuwa jeupe zuri kabisa na limebeba. Kwa hiyo bila kipimo sote tunakula kwa imani.

Na sisi wa kanda hii hatuhitaji kuogopeshwa. Mwaka 2016 Chemba, Kondoa na Kiteto watu waligeuka macho manjano, matumbo yakajaa, waliougua walikuwa 68 na kama 20 wakafariki, wengi wao watoto. Wenzetu Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui walizika watu 125 kati ya 317 waliougua. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mkupuo. Wanaokula kidogo kidogo kila siku ini linaharibika taratibu mpaka saratani, na hakuna anayewahesabu.

Sasa nieleze kilichonipata. Tulikusanya mahindi, mimi na majirani, tukajaza lori moja tukapeleka kwenye ghala la mnunuzi mmoja mkubwa. Akaja kijana na kifaa chake, kizuri, kipya, akachota mahindi kwa mkono kwenye magunia yaliyokuwa mlangoni mwa lori, hakushika hata bambo, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, akasaga akapima akasema imetoka 14, lori zima halipokelewi. Nikamwambia mwanangu, sumukuvu haikai sawasawa kama chumvi kwenye maji, kuvu linashika gunzi moja linaacha la pembeni, punje chache zikiwa na sumu kali zinaweza kuchafua kipimo chote na gunia la jirani lake likawa safi, hebu chukua bambo choma kila gunia, juu, kati na chini, uchanganye, usage zote pamoja, ndo upime. Na nilimwambia kabisa kwamba kosa hilo linaenda pande zote mbili, leo umekataa lori ambalo pengine nusu yake ni zima, na kesho utachota mlangoni punje nzuri upitishe lori lenye sumu nyuma. Akanijibu mama, mimi nimefundishwa kifaa. Basi. Kifaa amefundishwa, gunia hajafundishwa.

Haya, limekataliwa. Mnadhani yale mahindi yalienda wapi? Hapa ndo taarifa yenu haikufika na hapa ndo penye uchungu wangu. Hakuna aliyesema yatengwe, hakuna aliyeandika jina wala namba ya gari, hakuna aliyepaka hata alama kwenye gunia, walituambia toeni gari lenu hapo linaziba njia. Nje ya geti dalali alikuwa ameshapata habari kabla yetu, akataja bei ya kutupwa, na majirani zangu wenye ada za watoto na madeni ya pembejeo wakauza, mimi siwezi kuwalaumu, mtu ana njaa ya hela na mbele yake kuna hela. Magunia yangu nilirudi nayo. Alafu haikupita muda nikayaona magunia yale yale, yenye alama ya rangi ya bluu ya jirani yangu, yanashushwa kwenye mashine yangu mimi mwenyewe, yamekuja kukobolewa kwa tenda ya unga wa shule ya bweni! Yaani mahindi ambayo ghala lilisema hayafai kuuzwa kwa mteja wake yanafaa kuliwa na watoto wa watu asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali, muhula mzima. Nikakataa kusaga. Nikapiga simu ofisi inayohusika, nikaambiwa nilete sampuli ofisini na barua, na gharama ya maabara nijue mwenyewe. Nikiwa bado naongea na simu gari likawashwa, likaondoka, na mashine ziko nyingi hapa mjini. Sijui liliishia wapi na huwa nalala nikiliwaza.

Hiyo ndo hali ya kipimo chenu. Kimewekwa mahali pa kulinda soko la mnunuzi, hakikuwekwa mahali pa kulinda mlaji. Kama mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, kelele zikawa kubwa mpaka mawaziri wakaingilia, na siku chache baadaye njia ikafunguliwa kwa sharti la cheti cha kuonyesha sumu iko chini ya 10. Vizuri sana. Sasa mahindi ya kwenda nje yana cheti, na ya kuliwa Kongwa, Mpwapwa na Kiteto cheti chake kiko wapi? Yakikosa cheti yanarudi nyumbani tuyale sisi.

Na mambo ya mashineni hayajulikani huko mnakoandikia. Kukoboa kunapunguza sumu kwa sababu nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, lakini wanaokoboa ni wenye uwezo kidogo, maskini anasaga dona kwa kuwa halipotezi kilo, na wataalamu wa lishe nao wanamsifia dona, ni kweli lina virutubisho, ila mahindi yakiwa mabaya anakula na ganda na kiini na vyote vilivyomo. Alafu pumba zinazotoka wanachukua wafugaji, kuku wanakula, ng'ombe anakula, na ng'ombe akila sumukuvu inatokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika kuwa sumu nyingine inayoitwa M1, mtoto anayapata kwenye kikombe. Hilo nalo nani analipima?

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, mniruhusu niseme na la vipimo vingine. Hapo hapo ghalani kuna kile kifaa cha kupima unyevu. Mahindi yasizidi asilimia 13 na nusu, tunajua, lakini kifaa anashika mnunuzi, namba anasoma mnunuzi, na akisema 15 bei inashuka papo hapo na wewe huna pa kukata rufaa. Mizani angalau ina stika ya serikali, hicho cha unyevu sijawahi kuona stika yake na nikiuliza naonekana mkorofi. Na lumbesa je, si ilipigwa marufuku? Njooni msimu wa mavuno muone magunia yameshonewa kilemba juu, mkulima anauza gunia moja na kidogo kwa bei ya gunia. Kila chombo cha kupimia kikiwa mkononi mwa mwenye hela, mkulima hawezi kukiamini, na asipokiamini hata kile cha sumukuvu ataona ni ujanja mwingine wa kumshushia bei. Ndo maana watu wanapokataliwa wanakimbilia kwa dalali badala ya kuuliza mahindi yana nini.

Mbona hapo Morogoro imewezekana? Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wale panya buku wanaofundishwa kunusa wanapita kwenye makohozi ya wagonjwa wa TB, panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na sampuli zinatoka kliniki za kawaida ambazo zimeshapima kwa hadubini, panya wanagundua wagonjwa ambao hadubini iliwaruka, alafu maabara inathibitisha na mgonjwa anatafutwa. Pale walianza na swali la mgonjwa yuko wapi. Kwenye mahindi hakuna anayeuliza mlaji yuko wapi.

Nachotaka ni hiki. Kila soko la mazao na kila mji wenye mashine nyingi kama wetu, halmashauri inunue kisoma-kipimo kimoja na vikaratasi vyake kwa hela ya ushuru wa mazao ambayo tunalipa kila gunia likitoka, kikae kwa mtu asiyenunua wala kuuza, pamoja na bambo refu na mashine ndogo ya kusagia sampuli. Siku ya mnada matokeo yaandikwe kwa chaki ubaoni pembeni ya bei, jina la kijiji lisiandikwe. Gunia likifeli lipakwe mstari mwekundu upande wa mshono, na halmashauri ilinunue kwa bei ya kueleweka liharibiwe, maana ukilikataa bila kulinunua umelituma shuleni. Tenda yoyote ya unga wa shule, wa magereza na wa hospitali isilipwe bila karatasi ya kipimo ya mzigo huo huo. Na huko vijijini, kabla hata ya kifaa, bwana shamba afundishe ile ya chupa, chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha kwenye turubai juani. Haina gharama na kuvu linapenda unyevu kuliko kitu kingine.

Nanyi Mhariri, mkiandika tena habari ya kifaa kipya mtuandikie kikaratasi kimoja ni shilingi ngapi, nani atavinunua mradi wa wafadhili ukiisha, na mahindi yaliyofeli siku ya majaribio yalipelekwa wapi. Hilo la mwisho muwaulize watafiti wenyewe, na jibu mlichape ukurasa ule ule wa picha.

Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga,
Kongwa, Dodoma