Barua kwa mpwa wangu kuhusu yule baba mkubwa mbaya

Kamwene, mpwa wangu.

Hadithi yako nimeisoma yote, na ile sehemu ya shamba la mteremkoni nimeirudia. Kipaji unacho. Mafinga uliyoiandika asubuhi, malori ya mbao yamejipanga barabarani na vumbi la mbao limelowa ukungu, nimeiona kabisa. Umeniuliza kwa nini hadithi ikifika katikati inapoa. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu vijana wengi wanaoandika huku kwetu wanakwama palepale.

Inapoa kwa sababu baba mkubwa hana anachokitaka.

Ana ubaya, basi. Anamchukia mjane wa mdogo wake, anakwenda kwa mganga, anacheka peke yake usiku. Msomaji akishajua kwamba huyu mbaya na yule mwema, anabaki na swali moja tu, huyu mbaya ataumbuka lini, na jibu lake analo tangu ukurasa wa pili. Hata Fisi wa hadithi za bibi ana njaa. Ndiyo maana tunamcheka na bado tunamfuata mpaka mwisho kuona kama safari hii atakula.

Shuleni mgogoro tunafundishwa kwa ajili ya mtihani: mgogoro kati ya fulani na fulani, chanzo chake, suluhisho lake, kisha unaupanga kwenye fungu lake, wa kijamii, wa kiuchumi, wa nafsi. Kwa kuchambua kazi ya mtu mwingine inafaa. Kwa mwandishi haitoshi, kwa sababu yeye anatakiwa aingie ndani ya ugomvi kabla haujapata jina. Na ndani utakuta watu wawili wanaotaka mambo mawili yasiyoweza kutimia kwa pamoja, na kila mmoja ana sababu anayoweza kuisimamia mbele ya ukoo bila kuona haya. Ngumi na matusi huja baadaye, na pengine yasije kabisa.

Utazame tena ule mteremko wako. Mama, yule mjane, anataka alime viazi. Viazi vinatoka kwa miezi mitatu minne, na Januari watoto wanarudi shule. Lakini mteremko una miti ya paina, na paina haina haraka na mtu: mbao za maana unazingoja miaka kumi na tano na zaidi. Ukikata mapema unaambulia mirunda ya kujengea. Na chini ya paina zilizokwisha kufunga kivuli viazi havistawi, kwa hiyo huwezi kuwaridhisha wote wawili kwa kupanda katikati. Ugomvi umeshaingia shambani kabla hata mtu hajafungua mdomo.

Sasa baba mkubwa awe ndiye aliyeipanda miti ile, yeye na marehemu mdogo wake, miche wakiibeba kichwani. Arobaini imepita, amekuja kuangalia. Anakumbatia shina moja, vidole vyake vinakaribia kukutana upande wa pili. Anakwangua utomvu kwa ukucha, ananusa. Mama amesimama na jembe lake, anamwamkia vizuri, anamwita shemeji, halafu anamwambia kwamba keshokutwa mkata miti anakuja. Baba mkubwa hajibu. Anaanza kuhesabu miti, mstari kwa mstari, kwa sauti.

Nani ana haki hapo? Usiniambie. Niache nihangaike mwenyewe, nikigeuza ukurasa.

Na usidhani haya ni ya hadithi za kubuni tu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, sisi tumekua naye. Tunasimuliana Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Tunasimuliana ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, halafu ile miaka ya kuwindwa porini mpaka akajipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Ni simulizi kubwa, na mimi naipenda. Lakini tunaisimulia kana kwamba pande zilikuwa mbili tu. Wasangu walikuwa upande wa Wajerumani, na ukimwuliza mtu kwa nini, atakwambia usaliti. Wahehe walikuwa wamepigana na Wasangu miaka mingi na kuwasukuma watoke nchini mwao. Mtu aliyefukuzwa kwake akipata mshirika mwenye bunduki, hataki kitu gani? Anataka kurudi nyumbani. Ukimwandika mtawala wa Usangu bila hamu hiyo, Mkwawa naye unampunguza, maana unamfanya apigane na vivuli.

Ila ninayemfikiria zaidi ni Mpangile, nduguye Mkwawa. Mwaka 1896 Wajerumani walimpa utawala wa Wahehe huku kaka mtu bado yuko porini. Mwaka uliofuata wakamwua wenyewe, wakimtuhumu kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Hebu kaa na mtu huyo usiku mmoja tu. Akitii, anamwinda ndugu yake. Akigoma, vijiji vinachomwa. Akijaribu kushika pande zote mbili, pande zote mbili zina haki ya kumshuku. Mtihanini huo ungeandikwa mgogoro wa nafsi ukapata alama zako mbili, lakini mimi naona hapo ndipo simulizi nzima ya Uhehe inapobana, kuliko hata Lugalo.

Jambo moja nataka tuelewane. Kumpa mpinzani sababu si kumsafisha. Wajerumani walikuwa na sababu zao pia: njia za misafara, kodi, sifa ya dola lao. Ukizijua, ukatili wao hauwi mdogo. Unazidi kutisha, kwa sababu unaona uliamuliwa na watu wenye akili timamu, waliokaa mezani wakapanga. Baba mkubwa wako anaweza kuwa na sababu nzuri na bado akafanya jambo baya sana mwisho wa hadithi. Hapo ndipo litatuuma.

Kuhusu ile sura ya baridi ya mwezi wa saba kuunguza viazi, ipo vizuri, lakini baridi haina nia. Iweke pale itakapomlazimisha mama kuchagua. Ikiwa inapita tu, iondoe.

Kwa hiyo mganga mfute, na kicheko cha usiku. Andika upya kikao cha ukoo, na hotuba ndefu kuliko zote mpe baba mkubwa. Iandike ukiwa upande wake kwelikweli, mpaka wewe mwenyewe uanze kumwonea mama wasiwasi. Kisha mpe mama jibu fupi. Usisubiri mpaka uichape kwenye kompyuta. Piga picha kurasa za daftari unitumie kwa WhatsApp, mwandiko wako naumudu. Nitakuwa Makambako wiki ijayo, mtandao upo. Mama yako msalimie sana.

Mjomba wako