Kinachobeba puto ni hewa

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: ikiwa haidrojeni ni nyepesi mara mbili kuliko heliamu, mbona puto lake halibebi mzigo mara mbili?

Hata mimi zamani nilidhani hivyo. Tunakodolea macho gesi ya ndani, kumbe mchukuzi ni hewa ya nje. Puto hukalia nafasi ya hewa, na hewa inayolizunguka hulisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa hewa iliyoondolewa. Ni kanuni ileile ya Archimedes ya majini. Sasa piga hesabu. Meta moja ya ujazo ya hewa, usawa wa bahari, ni gramu 1,200 hivi. Toa heliamu, kama gramu 170: zinabaki 1,030 za kubeba puto na mzigo wake. Toa haidrojeni, kama gramu 85: zinabaki 1,115. Umeona? Tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi. Wala ile Hindenburg, chombo kikubwa cha angani cha Wajerumani kilichobebwa na gesi, iliyoteketea 1937, haikujazwa haidrojeni kwa ajili ya gramu hizo. Heliamu ilikuwa mikononi mwa Marekani, na sheria yao ilizuia kuiuza nje.

Tena hata ukibakiza utupu mtupu, hupati zaidi ya hizo 1,200. Padri Francesco Lana wa Italia aliliwaza hilo mwaka 1670, akachora chombo cha kubebwa na matufe ya shaba yaliyotolewa hewa. Wazo zuri, ila hewa ya nje hukandamiza kila meta ya mraba kwa uzito wa tani 10 hivi. Matufe membamba vile yangebonyea kama kopo.

Hewa moto ndiyo maskini kuliko zote: ipashe hadi nyuzi 100, utapata gramu 250 tu. Ndiyo maana puto la akina Montgolfier, ndugu wawili wa Ufaransa, lililopaisha watu Paris mwaka 1783, lilikuwa kubwa kama jumba. Nao, masikini, waliamini kinachobeba ni moshi!

Jaribu hili. Ingia garini na puto la heliamu lililofungwa uzi, madirisha yote juu. Breki zikikanyagwa, wewe utainamia mbele, puto litarudi nyuma, kwa kuwa hewa iliyo nzito imekimbilia mbele na kulisukuma. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lakini usilaze puto hilo; heliamu hupenya mpira, asubuhi utalikuta sakafuni limenywea.

Niandikie ulichokiona.

Wako,
Hamisi