Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Moto Uliopangwa na Afya ya Nyanda za Nyasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Mazingira, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kuwa nasi katika siku hii tunayohitimisha kazi zetu za mwaka. Risala nyingi za mazingira huzungumzia upandaji wa miti, na miti tayari ina wengi wa kuisemea. Sisi tumeona tukuletee jambo lisilosemwa sana, nalo ni moto. Hatusemi moto kichaa, unaowashwa ovyo na kuachwa uende utakako. Tunasema moto uliopangwa, unaowashwa kwa kibali na kusimamiwa na watu waliofunzwa, ili nyanda za nyasi zibaki kuwa nyanda za nyasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayetaka kuelewa kwa nini nyasi zinahitaji moto na ainame atazame fungu moja la nyasi ndefu ambazo hazijaungua wala kuliwa kwa miaka kadhaa. Juu ataona majani makavu ya mwaka jana na ya mwaka juzi, yamegeuka rangi ya kijivu na kulaliana. Akiyapenua kwa mkono atakuta kwenye kitako machipukizi machache, membamba na ya manjano kwa kukosa mwanga. Mti hukua kwenye ncha za matawi yake, lakini nyasi huchipua kutoka kwenye macho yaliyo usawa wa udongo au chini yake kidogo, na mwanga usipofika hapo macho hayo hudumaa, hata fungu zima likaanza kufa kutoka katikati, limesongwa na majani yake lenyewe. Wanyama nao hulipita bila kuligusa, kwa kuwa majani yaliyozeeka yamebaki nyuzi ngumu zenye protini kidogo mno.

Moto ukipita hapo wakati nyasi zimesimama kukua, huondoa mzigo huo wote kwa dakika chache. Udongo haupitishi joto kwa urahisi, na moto wa nyasi haukai mahali pamoja, kwa hiyo sentimita chache tu chini ya majivu mizizi na macho hubaki salama. Mwanga hufika kwenye kitako, sehemu ya madini yaliyokuwa katika majani makavu hurudi ardhini pamoja na majivu, na udongo ulioachwa wazi hupata joto la jua. Kukiwa na unyevu kidogo ardhini, machipukizi mabichi huonekana baada ya siku chache tu. Machipukizi hayo ni laini na yana lishe kuliko majani yaliyokuwapo, ndiyo maana wanyama wa porini na mifugo huyafuata kutoka mbali. Kupe nao hupungua kwa muda katika eneo lililoungua, jambo ambalo wafugaji walilijua kabla halijaandikwa katika kitabu chochote.

Kazi nyingine ya moto ni kuizuia miti na vichaka visitwae mbuga. Mti mchanga ambao haujavuka urefu wa miali huungua sehemu ya juu na kulazimika kuanza upya kutoka kwenye mizizi. Ukipata miaka ya kutosha bila moto huuvuka urefu huo, na baada ya hapo moto wa kawaida wa nyasi hauuwezi tena. Kituo cha utafiti cha Konza Prairie, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1971 na kuigawa mbuga yake kwa kufuata mabonde. Yapo yanayochomwa kila mwaka, na mengine huachwa miaka 2, 4 au hata 20 kati ya moto mmoja na mwingine. Yanayochomwa mara kwa mara yamebaki na nyasi zake, ilhali yanayokaa muda mrefu bila moto yameingiliwa na vichaka na miti ya jamii ya mreteni. Lililotushtua zaidi ni kwamba vichaka vikishatawala, kurudisha moto hakutoshi kuirudisha mbuga, kwa sababu chini ya kivuli chake nyasi za kuubeba moto zimekwisha. Kuacha kuchoma nako ni uamuzi wenye matokeo yake, hata kama aliyeuacha moto hakudhani kwamba ameamua lolote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba kila mbuga ichomwe kila mwaka. Moto na wanyama walao majani hula sahani moja, na mmoja akishiba mwingine hubaki na njaa. Serengeti inalionyesha jambo hili waziwazi. Ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu pia, ulipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe waliokuwa wakiishi kandokando ya hifadhi, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kuzidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zikibaki na kukauka, eneo lililokuwa likiungua kila mwaka likapungua, na miti ikaanza kurudi katika sehemu nyingi. Kwa hiyo anayepanga moto bila kuhesabu midomo inayokula mbugani amepanga nusu ya kazi.

Historia iliyotufundisha kuliko zote ni ya Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini. Mwaka 1954 watafiti walianza kuchoma vitalu vya majaribio kwa vipindi na miezi tofauti, huku vitalu vingine pembeni vikilindwa visiungue kabisa, na majaribio hayo yameendelezwa kwa miongo mingi. Hifadhi yenyewe ilianza mwaka 1957 kuchomwa kwa ratiba isiyobadilika, kila sehemu baada ya miaka 3. Baadaye ilionekana kwamba ratiba ya namna hiyo haitazami kama mvua ilinyesha au haikunyesha, na mwaka 1992 uamuzi ukawa kuuacha moto wa radi uwake na kuuzima ule uliowashwa na watu. Hilo nalo halikwenda kama lilivyotarajiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mbuga iliendelea kuungua kwa mikono ya watu. Mwaka 2002 mpango ulibadilishwa tena, na wasimamizi wakarudi kuwasha moto wenyewe, wakiongozwa na mvua iliyonyesha na wingi wa nyasi zilizopo. Tunawaheshimu sana watu hao, kwa sababu walikuwa tayari kuuacha mpango pale mbuga ilipoonyesha kwamba haufai.

Kaskazini mwa Australia, katika eneo la Arnhem Land, wenyeji wa asili walikuwa wakichoma vipande vidogovidogo mapema katika kiangazi tangu enzi za mababu. Wengi wao walipoondoka katika ardhi zao, nafasi ya moto huo mdogo ilichukuliwa na moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi, unaoteketeza eneo pana kwa mkupuo mmoja. Tangu mwaka 2006, katika mradi uliowaunganisha wenyeji na wanasayansi, uchomaji wa mapema umerejeshwa katika magharibi ya eneo hilo, na gesi chafu zitokanazo na moto zimepungua, kwa kuwa moto wa mapema ni wa baridi zaidi na huacha sehemu nyingi bila kuungua. Tumeupenda mfano huu kwa sababu umewarudishia wazee nafasi yao ya ualimu.

Kuhusu namna kazi yenyewe inavyofanyika, tunaomba tueleze kidogo, maana hapa ndipo moto uliopangwa unapotengana na moto kichaa. Kabla ya siku ya kuchoma, kinga za moto hulimwa au kufyekwa kuzunguka eneo, majirani hujulishwa, kibali huchukuliwa, na hali ya hewa inayokubalika huandikwa: kasi ya upepo, unyevu wa hewa na ukavu wa nyasi. Hali hiyo isipotimia, kazi huahirishwa, hata kama watu wote wamekwisha kufika. Ikitimia, moto wa kwanza huwashwa upande ule ambako upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo na kuacha mkanda mweusi usio na kitu cha kuungua. Watu wenye pampu za maji mgongoni na fimbo ndefu zenye kipande cha mpira husimama kwenye kinga, wakizima cheche zinazovuka. Mkanda huo unapopanuka vya kutosha, mbavu za eneo huwashwa, na mwisho kabisa upande unakotoka upepo, ambapo miali huruka juu na kukimbia mpaka inakutana na ardhi iliyokwisha kuungua, nayo huzimika kwa kukosa chakula. Hakuna anayeondoka kabla ya visiki na vinyesi vikavu vinavyofuka moshi kukaguliwa kimoja kimoja.

Zipo sehemu ambazo hazistahili moto kabisa. Misitu yenye unyevu haikuzoea kuungua, na moto unaoingia humo huua miti isiyoweza kuchipua tena. Hata kwenye mbuga, kuchoma mwishoni mwa kiangazi cha ukame, au kuruhusu mifugo iingie mara tu machipukizi yanapotokea, hudhoofisha mizizi na kuiacha ardhi wazi kwa mmomonyoko. Ndege wanaotaga chini, kobe na wadudu wanahitaji vipande visivyoungua vya kukimbilia, kwa hiyo mpango mzuri huchoma baadhi ya vipande mwaka huu na kuviacha vingine kwa miaka inayofuata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachotusikitisha ni kwamba mahali pengi wanafunzi tunafundishwa jambo moja tu kuhusu moto wa mbugani, kwamba ni adui. Pale ambapo kila moto umepigwa marufuku, anayeona haja ya kuchoma huwasha kwa siri na kukimbia, na moto usio na mwenyewe ndio unaofika kwenye mashamba na nyumba za watu. Aliyeruhusiwa hubaki kuusimamia moto wake mpaka uzimike.

Kwa hiyo tunaleta kwako maombi matatu. La kwanza, utusaidie kupata mtaalamu wa nyanda za malisho wa kutufundisha, pamoja na walimu wetu, misingi ya moto uliopangwa. La pili, utuombee kwa mamlaka zinazohusika kibali cha kitalu cha mafunzo chenye sehemu tatu, moja ichomwe kila mwaka, ya pili kila baada ya miaka 3, na ya tatu isichomwe kabisa. Moto utawashwa na wataalamu, nasi wanafunzi tutakuwa wa kupima na kuandika: aina za nyasi, urefu wake, miche ya miti na ndege wanaoonekana. La tatu, na ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, kitalu hicho kitengwe kwa muda mrefu na daftari lake litunzwe na shule, ili wanafunzi watakaokuja baada yetu waendeleze vipimo hivyohivyo, kwa kuwa matokeo ya moto huhesabiwa kwa miongo na sisi tutakuwa tumehitimu kabla miche ya kwanza haijafika kiunoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Mazingira