Barua ya wazi: Kibaigwa tunapima gunia moja moja, mtoto wa kaka yangu kaandikiwa joto la saa ambayo haijafika

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya hospitali yetu,

Shikamoo Mheshimiwa, na mbukwa. Sitaji jina lako wala la hospitali, mwenyewe unajijua, na mimi unanijua, ni yule mama niliyesimama kwenye kikao cha mwezi wa nane mwaka jana nikashindwa kumaliza kuongea nikakaa. Uliniambia mbele ya watu wote, "mama pole, haitajirudia, kila mtoto atapimwa joto na kila Jumatatu tutakaa tuziangalie hizo karatasi." Nimeishi na hilo neno karibu mwaka sasa. Alhamisi iliyopita nimeona kwa macho yangu limefikia wapi, ndo maana naandika hapa wazi, maana ofisini kwako nimekuja mara nne na mara zote naambiwa uko kikaoni.

Kwa wasionijua, mimi ni karani wa mizani soko la mahindi Kibaigwa. Kazi yangu ni kuangalia mzani unasema nini na kuandika hivyo hivyo, gunia moja moja, jina la mwenye mali na kilo zake. Hiyo kazi inakufundisha kitu kimoja, magunia hayafanani uzito. Hili 97, lile 103, lingine 99 na nusu. Ukiona daftari la mtu limeandikwa mia, mia, mia kuanzia juu mpaka chini huhitaji kumuuliza, huyo hajapima.

Sasa nirudie yangu kwa ufupi maana nikianza nitalia. Mwezi wa saba mwaka jana, unajua baridi ya Dodoma mwezi wa saba na ule upepo wake, nilijifungua mtoto wa kike wa wiki 31, kilo 1.4, tukaletwa kwako na gari la wagonjwa kafungwa kanga mbili tu. Tumefika saa mbili usiku akapimwa, joto 34.8, wakaandika. Mtoto anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Mimi nikapelekwa wodi ya wazazi ng'ambo kule, yeye akabaki. Asubuhi nilipoitwa niliiona karatasi yake, boksi la saa tano usiku tupu, saa nane tupu, saa kumi na moja alfajiri tupu. Walipompima mbele yangu ilikuwa 33.9. Hakufika saa sita mchana. Sikuwa na nguvu ya kumlaumu mtu, nesi usiku ule alikuwa mmoja na wodi imejaa, ila zile boksi tatu tupu naziona mpaka leo nikifumba macho.

Baadaye ndo nikaanza kuuliza uliza watu wanaojua, nikaelewa kwamba mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto linamtoka haraka, na akipoa anamaliza sukari yake na oksijeni yake kujipasha, mwishowe hata kupumua kunamshinda. Na dawa yake ya kwanza hata haiuzwi, ni kifua cha mama. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linasema njiti abebwe kangaroo, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, mapema kabisa baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku, na utafiti uliotangulia ulifanyika nchi tano na Tanzania ikiwemo. Nilikuwepo, Mheshimiwa. Nilikuwa wodi ya pili nimekaa na kifua changu.

Haya, sasa Alhamisi. Wifi yangu kajifungua kwako njiti wa kiume, wiki 32, kilo 1.6. Nimekwenda na uji saa kumi na mbili jioni, wifi anakamua maziwa kwenye kikombe, mimi nikaangalia karatasi inayoning'inia kitandani, kwa kweli nilifurahi kwanza, imejaa yote. Halafu nikasoma. 36.5, 36.5, 36.5, boksi nane zote 36.5, kalamu moja, mwandiko mmoja, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Na boksi la saa mbili usiku lilikuwa limeshajazwa. La saa tano usiku limeshajazwa. Mheshimiwa ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua bado halijazama vizuri!

Nikamshika miguu, ya baridi. Nikamwita nesi, binti mdogo tu, akaja na kipimajoto, 35.6. Tukamweka kifuani kwa wifi ngozi kwa ngozi, kofia na soksi juu, kama saa nzima hivi akapanda 36.4. Kumbe inawezekana, na haikuchukua mashine yoyote.

Yule binti nilimuuliza kwa upole, sitamtaja na nakuomba usimtafute. Akanijibu, "shangazi, tuko wawili na watoto ishirini na tatu, na karatasi ikikutwa na boksi tupu tunaandikiwa barua ya kujieleza." Nilikaa chini. Yaani nadhani ahadi uliyonipa mimi ndo imezaa hili, ilishuka kule wodini ikageuka amri ya kujaza boksi, na boksi zinajazwa. Kama nimekosea nisahihishe, lakini ndivyo ninavyoona. Na hizo 36.5 za kubuni zinaingia kwenye ripoti, ripoti inapanda juu, huko juu wanasoma kwamba wodi yetu haina mtoto anayepoa. Nani ataleta blanketi au nesi wa tatu wakati makaratasi yanasema kila kitu kiko sawa? Boksi tupu la mtoto wangu lilikuwa baya lakini lilisema ukweli kwamba usiku ule hakupimwa.

Nakukumbusha pia takwimu za taifa maana mnazisoma wenyewe kwenye mikutano. Vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa vizazi hai laki moja, ule utafiti wa 2015/16, mpaka 104 mwaka 2022, na mimi nimepiga makofi kwa hilo. Lakini tafiti hizo hizo, vichanga wanaokufa chini ya mwezi mmoja, 25 kwa kila vizazi hai 1,000, ikaja 24. Ishirini na tano, ishirini na nne. Na dunia imekubaliana ifikapo 2030 isizidi 12.

Na msiseme haiwezekani kwa hali yetu. Hospitali ya Haydom, hapo Mbulu jirani zetu, waliongoza mradi kwenye hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, watu wanafanya mazoezi mafupi kazini ya kuokoa mama na mtoto na wanaangalia data zao wenyewe kujua wanakosea wapi wanarekebisha. Matokeo yametoka 2025, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimepungua asilimia 40, vya akina mama asilimia 75. Najua ule ulikuwa wa chumba cha kujifungulia zaidi, lakini akili ni ile ile. Huko Vermont, Marekani, wana mtandao wa wodi za njiti tangu 1988, wanapeleka taarifa zao wanajilinganisha na wenzao, na taarifa zinarudi kwa waliozituma. Kwetu zinapanda tu. Binti yule aliniambia hajawahi kuona namba hata moja ikirudi wodini.

Ombi langu ni moja, mwaka jana niliomba mengi nikapewa maneno. Mtoto apimwe kweli na iandikwe kilichoonekana, hata kama ni 34, hata kama boksi ni tupu, na nesi asiadhibiwe kwa kuandika ukweli. Halafu hiyo Jumatatu uliyoahidi ukae wewe mwenyewe na manesi wako mzisome. Nirudie, iandikwe kilichoonekana. Mimi nalipwa kuandika kilo za mahindi jinsi zilivyo na nikidanganya nafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mtoto wa kaka yangu bado yuko kwako leo naandika, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Njoo usiku saa nane bila kumwambia mtu, beba kipimajoto chako, mpime, halafu angalia karatasi yake inasema nini.

Ni mimi,
Karani wa mizani, Kibaigwa