Kabla hujachagua programu ya picha

Mhariri, watu wanabishana programu ipi kali ya picha, mi naona cha kuuliza kwanza ni siku ukihama programu hiyo utatoka na nini. Programu ya Picasa si ilipendwa, Google wakaifunga 2016. Cheki kama majina na lebo unazoandika zinaingia kwenye faili la picha lenyewe au kile kifaili cha XMP (cha kuhifadhi maelezo ya picha) pembeni yake, maana zikibaki kwenye katalogi (orodha ya ndani) ya programu tu utabaki na maelfu ya IMG_0412 hujui ipi ya harusi ipi ya msiba. Programu ya digiKam ukiiseti inaziandika humo kwenye faili, na ni ya bure. Lightroom tamu kweli, ila usipolipa sehemu ya kuedit inafungwa. darktable bure pia, haigusi orijino, lakini kuizoea jamani!