Shukrani kwa fundi aliyeitegea pampu sikio

Ndugu fundi, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Juma zima nilikuwa nahangaika na injini ya dizeli ya lita 6.2 iliyotoka kwenye Humvee ya jeshi la Marekani, nikiihamisha kutoka volti 24 kwenda 12 ili niifunge kwenye gari langu la porini. Stata nimebadilisha, alteneta nimebadilisha, hita plagi (za kupasha moto injini kabla ya kuwaka) zote nane mpya. Injini inazunguka vizuri, kushika haishiki ng'o!

Ukaniambia niwashe swichi tu, nisipige stata, kisha ukainamisha sikio kwenye pampu ya dizeli. "Mbona sisikii tiki?" Kumbe solenoidi ya kukata mafuta, yaani sumaku ya umeme inayofungua njia ya dizeli, ilikuwa bado ya volti 24, na kwa 12 haikuwa na nguvu ya kuvuta. Tulipoweka ya volti 12, ikalia tiki, na injini ikashika. (Mimi nilishaanza kuifungua pampu, ujinga mtupu.)

Kidhibiti cha zamani cha hita plagi nimekitoa kama ulivyoshauri. Natumia relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kitufe cha kubonyeza.

Asante sana, fundi. Bisibisi yako ndogo uliisahau juu ya betri. Ninayo.