Kisu cha ala kuonekana wazi hakufuti kosa

Mhariri,

Kuna ushauri ambao wenye visu vya ala hupeana kila mara: kivae kiunoni kionekane, usikifiche, na hakuna askari atakayekugusa. Ushauri huo una ukweli katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Ukivuka mpaka wa jimbo, au hata wa jiji, unaweza kukupeleka mahakamani. Naomba nafasi kueleza kwa nini, na mtu afanye nini kabla ya kufunga ala mkandani.

Kisu cha ala, yaani kisichokunjika, huangaliwa na sheria kwa jicho kali kuliko cha kukunja kwa sababu hakihitaji kufunguliwa: ukikichomoa, kiko tayari. Uingereza inalionyesha hili waziwazi. Kifungu cha 139 cha sheria yao ya jinai ya mwaka 1988 kinakisamehe kisu cha mfukoni kinachokunjika chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kisichokunjika hakipati msamaha huo hata kikiwa kifupi kama kidole. Baadaye mahakama ikaamua kwamba kisu cha kukunja ambacho bapa lake (chuma chenye makali) hujikaza likifunguliwa, lisikunjike lenyewe, nacho hakimo kwenye msamaha. Tena kifungu hicho hakijali kama kisu kimefichwa au kinaonekana. Kosa ni kuwa nacho mahali pa umma bila sababu ya msingi, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka minne.

California wanafuata njia nyingine kabisa. Kule kosa ni kuficha mwilini kisu kinachoweza kutumika mara moja kuchoma mtu na kumjeruhi vibaya au kumuua, na tafsiri hiyo inavikamata visu vingi vya ala. Lakini sheria hiyohiyo inasema kisu kilicho ndani ya ala inayoning'inia wazi kiunoni hakihesabiki kuwa kimefichwa. Hapa ndipo ule ushauri ulipozaliwa. Zingatia maneno "wazi" na "kiunoni". Shati refu likishuka na kufunika mpini, hoja ya kwamba kisu kilikuwa wazi imeondoka. Ukikitia ndani ya koti ukidhani umefanya ustaarabu, umekificha, na kukificha ndiko kunakokatazwa.

Sasa ingia jiji la Los Angeles, ambalo limo ndani ya California hiyohiyo. Sheria ndogo ya jiji inakataza kubeba hadharani, kwa namna inayoonekana, kisu chenye bapa la inchi 3 au zaidi, isipokuwa kwa kazi halali, burudani halali au ibada inayotambulika, pamoja na safari ya kwenda na kurudi. Jimbo linakuambia usifiche, jiji linakuambia usionyeshe. Anayesoma sheria ya jimbo peke yake hujiona salama, kumbe mtaani kuna katazo ambalo hakulifungua. New York City ni kali zaidi: kubeba kisu mahali pa umma juu ya nguo au kwa kuonekana ni kosa, hata kikiwa ndani ya ala, isipokuwa wakati huo unakitumia kwa shughuli halali inayotambuliwa na sheria hiyo.

Texas wamekwenda upande wa pili. Tangu Septemba 2017 mtu mzima anaweza kutembea na karibu kisu chochote, ila chenye bapa linalozidi inchi 5.5 hakiruhusiwi katika maeneo yaliyotajwa, kama vile shule, mahakama, vituo vya kupigia kura, hospitali, nyumba za ibada na baa. Huko, na Arizona pia, jimbo limezizuia halmashauri kutunga masharti yake makali zaidi kuhusu visu. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kushika rula, ni kama mji una mamlaka ya kutunga sheria ndogo juu ya visu. Ukiwa nayo, sheria ndogo ndiyo ya kusoma kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika.

Kuhusu rula, pima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi mpini unapoanzia. Baadhi ya sheria hutaja urefu wa bapa, nyingine hutaja makali tu, na visu vingi vya ala huwa na kipande kisichonolewa karibu na mpini. Bila maelezo ya wazi, chukua kipimo kirefu. Soma pia kama kimeandikwa "kinachozidi" au "kuanzia". Kisu cha inchi 4 kamili kinanaswa na katazo jingine la New York City, linalosema inchi 4 au zaidi, lakini hakinaswi na katazo la majengo ya umma la California, linalosema zaidi ya inchi 4.

Sababu ya kukibeba ina uzito kuliko urefu, na hapo ndipo wengi huharibu mambo kwa mdomo wao wenyewe. Uingereza inaitambua kazi, dini (kama kirpani, kisu cha kidini cha Masingasinga) na vazi la kitaifa. Ujerumani inakataza kutembea na kisu kisichokunjika chenye bapa linalozidi sentimita 12, ila inakubali kazi, mila, michezo au shughuli nyingine inayokubalika kwa jumla, au kisu kikiwa ndani ya chombo kilichofungwa. Sababu lazima iwe hai wakati ule unapokutwa. Fundi aliyekitumia kazini juzi kisha akakisahau kwenye koti anaweza kukosa utetezi Uingereza, maana mahakama zimesema kusahau peke yake si sababu ya msingi. Na anayejibu "ni cha kujilinda" amekihamisha kisu chake kutoka kundi la vifaa vya kazi hadi kundi la silaha. Kanada haina kikomo cha urefu, lakini kubeba kitu kwa nia ya kukitumia kama silaha kwa kuhatarisha amani ni kosa la jinai.

Katika kutafuta sheria, anza na ya taifa au jimbo, shuka kwenye sheria ndogo za halmashauri, kisha kanuni za mahali penyewe: hifadhi, chuo, stesheni, jengo la serikali. Soma kwanza kifungu cha tafsiri kinachosema "kisu" ni nini, ndipo usome katazo, halafu misamaha. Angalia tarehe ya marekebisho ya mwisho. Ujerumani ilikaza masharti yake Oktoba 2024, ikagusa sherehe za hadhara na usafiri wa umma wa masafa marefu, kwa hiyo maelezo ya zamani hayatoshi. Jibu la askari kwa simu linasaidia kukuelekeza, lakini haliifungi mahakama. Omba akutajie namba ya kifungu ukakisome mwenyewe.

Pale ambapo sheria hazielewani, acha kukivaa njiani. Kiweke ndani ya ala, ala ndani ya sanduku lenye kufuli, na sanduku kwenye buti ya gari mbali na mkono wako. Ukivae ufikapo kazini au kambini, na ukivue kabla ya kuanza kurudi, si ukiwa njiani kwenye kituo cha mafuta.

Askari akikusimamisha ukiwa nacho, weka mikono mahali anapoiona na umwambie kisu kipo na kiko wapi, kabla hajakiona mwenyewe. Usikiguse, hata kwa nia ya kumkabidhi. Mwache akitoe yeye. Taja shughuli yako kwa sentensi moja ya kweli. Akikichukua, omba stakabadhi, kisha maelezo mengine yote yasubiri wakili.

Msomaji wenu